Uso wa saa ya Babu: upakwe upya au uachwe na madoa yake?

Nyanya alipofariki, binamu yangu alifungua mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda chake akakuta saa ya Babu imefungwa kwenye leso. Babu alikuwa karani wa reli, akikaa nyumba za reli pale Makongeni. Saa hiyo, Omega ya kutia ufunguo ya miaka ya hamsini, aliivaa hadi kifo chake mwaka 1983, na tangu hapo haikuvaliwa tena. Binamu alipoitia ufunguo ilitembea robo saa ikasimama. Hiyo ni kazi ya kusafisha na kutia mafuta tu. Shida ni uso. Weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, karibu na 8 kumeota kutu ya kijani, na maandishi yamefifia.

Binamu anataka uso upakwe upya ili mwanawe aivae siku ya harusi yake, mwezi Desemba. Ameniuliza mimi kwa sababu anajua sipiti River Road, jijini Nairobi, bila kusimama kwenye meza za mafundi saa. Nilimwomba wiki moja nifikirie.

Nianze na upande wake, maana una uzito kuliko wapenzi wengi wa saa kuukuu wanavyokubali. Saa ni ya kuvaliwa. Kijana wa miaka ishirini na sita hatapenda kueleza kila mtu kazini kwa nini amevaa kitu chenye kutu, na saa isiyopendeza hurudi kwenye mkebe. Tena kupaka uso upya si jambo lililozuka juzi. Zamani ilikuwa huduma ya kawaida: mtu alipeleka saa kusafishwa, akarudishiwa ikiwa na uso unaong'aa, na wala hakuona kuwa ameibiwa chochote. Wanaokataza kabisa wameazima hoja yao minadani. Huko ni kweli uso wa asili ndio mali. Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na kinachowafanya watu wakimbilie saa za aina hiyo ni uso wake. Lakini saa ya Babu haiendi mnadani. Nikimwambia binamu asipake eti bei itashuka, nitakuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza.

Kwa hiyo bei nikaiweka kando, nikaangalia kazi yenyewe inavyofanywa. Hapo ndipo nilipoanza kusita.

Uso wa saa kama hii ni kisahani chembamba cha shaba chenye viguu viwili kwa nyuma. Juu yake kuna rangi au fedha, kisha maandishi, kisha vanishi. Ili upakwe upya, mishale hung'olewa, kisahani hutolewa, na kila kilichokuwa juu yake huondolewa kwa dawa mpaka shaba ibaki tupu. Ikishafika hapo hakuna kurudi nyuma. Rangi mpya hupulizwa, halafu maandishi hupigwa kwa kibonyezo laini kinachookota wino kwenye bamba lililochongwa. Bamba la kiwandani fundi hana, hivyo hutumia linalokaribiana nalo. Ndiyo sababu herufi za uso uliopakwa upya mara nyingi huwa nene, alama ya kampuni huenda kombo kidogo, na yale maneno madogo "SWISS MADE" chini ya 6 hukatika au hupotea kabisa. Huko Mumbai kazi hii imekuwa biashara kubwa. Saa kuukuu kama za HMT, kampuni ya India, hutoka na nyuso za rangi ya chungwa au buluu ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitengeneza. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Hata hivyo, hayo yote yangeweza kuvumilika kama uso huu ungekuwa umechafuka tu. Kilichonibadilisha ni fundi. Ni mzee mwenye meza ndogo chini ya ngazi, na lenzi yake haimtoki jichoni. Nilimwomba aifungue aniambie yale madoa ni ya nini.

"Hili la kijani ni maji," alisema. "Lakini haya mawili ya katikati si maji, kijana wangu. Angalia umbo lake."

Nikashika lenzi. Kutoka katikati ya uso kulikuwa na vivuli viwili vya kahawia, kimoja kifupi, kimoja kirefu, vyembamba na vilivyonyooka. Kifupi kilielekea 4, kirefu kilielekea 2. Ilikuwa picha ya mishale.

Mishale ya saa nyingi za wakati ule ilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyochanganywa na radiamu, madini yenye mnururisho. Ni rangi ileile iliyowaua wanawake waliokuwa wakipaka nyuso za saa kule New Jersey, Marekani, karne iliyopita, kwa kuwa walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Kufikia miaka ya sitini viwanda vilianza kuhamia tritiamu, ambayo mnururisho wake ni hafifu zaidi. Mng'ao wa radiamu hufa mapema kwa sababu kemikali inayotoa mwanga huchoka, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua hadi nusu. Mshale uliosimama mahali pamoja kwa miongo minne huendelea kuunguza rangi iliyo chini yake polepole.

Saa ya kutia ufunguo ikijaa hutembea kama siku moja na nusu. Mama zetu wanasema hakuna aliyeigusa baada ya Babu. Basi saa kumi na dakika kumi hiyo ilianza kujiandika siku moja au mbili baada ya yeye kuitia ufunguo kwa mara ya mwisho, na dawa ya kuondoa rangi ingeifuta kwa dakika chache.

Lakini radiamu hiyohiyo inampa binamu hoja yake nzito kabisa, nami sitaki kuificha. Rangi ya mishale ikizeeka humeguka. Vumbi lake likiingia kwenye mashine si salama kwa fundi anayelipuliza kwa mdomo, na mabaki huharibu magurudumu. Kutu nayo ikiendelea kutafuna, kuacha uso kama ulivyo ni kuuharibu polepole. Kama fundi angeniambia kwamba kutu hii inakua, ningekuwa naandika maneno mengine. Aliigusa kwa ncha ya kijiti akasema imekauka na haimeguki. Rangi ya mishale inaweza kushikizwa kwa gundi kidogo kutoka nyuma, kazi ya mtu mwenye glavu na barakoa.

Njia ya tatu ni kutafuta uso mwingine wa Omega unaolingana na mashine hii, uvaliwe huo, na wa Babu ufungiwe kwenye kikopo mbali na watoto. Skrubu mbili za pembeni zikilegezwa unatoka, na siku yoyote unarudi. Binamu aliposikia alisema, "Basi itakuwa saa ya Babu yenye sura ya mtu mwingine." Ana haki kusema hivyo. Bado naona ni afadhali kuliko kupaka, kwa sababu kijana akibadili nia miaka kumi ijayo, sura ya Babu ipo.

Nilichomshauri ni hiki: mashine isafishwe, mishale ishikizwe, kioo cha plastiki kilichopasuka kibadilishwe, mkanda uwe mpya, na uso ubaki. Kijana aje River Road mwenyewe, ashike lenzi, aone vile vivuli viwili kabla hajaamua, kwa kuwa mkono utakaoivaa ni wake. Naye fundi nimemwandikia karatasi ya kuweka pamoja na saa, iwapo kazi itaangukia mikononi mwa msaidizi: uso usiguswe, hata kwa kitambaa. Vanishi ikizeeka, kupangusa mara moja tu kunatosha kuondoka na herufi.