Fitina za Kasri la Qing: Kosa ni la Wanawake au la Mfumo?

Januari 2019, makala iliyotolewa chini ya gazeti la Beijing Daily ilizishutumu tamthilia za fitina za kasri kwa kutukuza anasa za kifalme, kuwapamba watawala wa kale hadi wakawafunika mashujaa wa leo, kuchafua mahusiano ya watu katika jamii na kutanguliza faida. Muda mfupi baadaye baadhi ya vituo vya televisheni vya China viliziondoa katika ratiba. Iliyoguswa zaidi ni Story of Yanxi Palace, tamthilia ya sehemu 70 iliyotazamwa mabilioni ya mara mtandaoni mwaka 2018.

Shutuma hizo zina uzito. Shujaa wa tamthilia hiyo, Wei Yingluo, anaingia kasrini kama mdarizi ili alipize kisasi cha dada yake, na kila anayemdhuru hulipwa maovu yake kwa riba. Mtazamaji kijana anaweza kudhani kwamba werevu ni kumtangulia mwenzako kwa hila. Lipo pia suala la haki ya marehemu: sumu na mauaji ya tamthilia hizi yanabandikwa kwa watu walioishi kweli, bila ushahidi.

Hata hivyo, wakosoaji wanaitazama fitina kama tabia ya wanawake waovu, na kuusahau mfumo ulioizaa. Chini ya Qing, ukoo wa Wamanchu uliotawala China kuanzia 1644 hadi 1912, mabinti wa familia za Bendera Nane, yaani vikosi vya kijeshi na kijamii vya dola hiyo, walipaswa kufika mbele ya kasri kuchaguliwa kabla ya kuozwa. Aliyechukuliwa kuwa mke wa mfalme hakutarajia kurudi kwao. Humo ndani, posho ya malkia kwa mwaka ilikuwa taeli 1,000 za fedha (taeli ni kipimo cha uzito cha Kichina). Cheo cha fei kilipata 300, guiren 100, na daying, aliye chini kabisa, 30 tu. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara 33 baina ya wake wa mume mmoja, na haikuishia kwenye fedha: nyama, mkaa wa majira ya baridi, mishumaa, vitambaa na idadi ya wajakazi, kumi kwa malkia na wawili kwa daying, vyote vilifuata cheo. Cheo hicho kilitolewa na mtu mmoja, naye aliweza kukiondoa bila kueleza sababu. Mwanamke aliyefungiwa katika hesabu ya namna hiyo angetumia silaha gani, kama si masikio na ulimi wake? Tamthilia inapotuonyesha mkaa ukicheleweshwa kwa mke aliyepoteza kibali, haisifu hila; inaonyesha zinakotoka.

Ushahidi mzito zaidi unatoka mwaka huohuo wa 2018, ulipoanza kuonyeshwa mchezo mwingine, Ruyi's Royal Love in the Palace, wenye sehemu 87. Michezo yote miwili inahusu kasri la Mfalme Qianlong, lakini imebadilishana lawama. Malkia wa ukoo wa Nara, ambaye ni katili katika mchezo wa kwanza, ni mwathirika mwenye heshima katika wa pili. Naye mke wa ukoo wa Wei, anayeshangiliwa kule kwa jina la Wei Yingluo, huku ndiye mchochezi. Kumbukumbu zinaruhusu usomaji wote huo kwa sababu zinasema machache mno. Nara alifanywa malkia mwaka 1750. Mwaka 1765, katika ziara ya mfalme kusini, alikata nywele zake, tendo ambalo kwa Wamanchu liliambatana na maombolezo makubwa. Alirudishwa Beijing, akanyang'anywa hati za vyeo vyake, akafa mwaka 1766 na kuzikwa katika kaburi la mke mwingine. Sababu ya kukata nywele haikuandikwa. Wei, aliyemzalia mfalme watoto sita, alipewa cheo cha malkia mwaka 1795, miaka 20 baada ya kufa, mwanawe alipotangazwa mrithi.

Basi anayeona kwamba tamthilia moja imemsingizia Nara ana haki ya kulalamika, nami nakubaliana naye. Lakini waliomnyima sauti kwanza ni waandishi wa kumbukumbu za dola. Kuiondoa michezo hii hewani hakukumrudishia Nara heshima yake. Maelezo mafupi mwishoni mwa kila sehemu, yakitaja lililothibitishwa na lililobuniwa, yangemtendea haki zaidi, huku mamilioni ya watu wakiendelea kujiuliza kwa nini alikata nywele zake.