Tusiukate Mti Wenye Pango

Mwenye kiwanja anapotaka kusafisha mahali ajenge, iwe ni Nyali au Mtwapa, au ng'ambo ya kivuko kuanzia Likoni hadi Diani, mti wa kwanza kuhukumiwa ni ule mkongwe wenye pango. Husemwa kwamba umeoza, kwamba ni maskani ya nyoka na popo, kwamba siku moja utauangukia ukuta wa jirani, na fundi mwenye msumeno wa mashine huitwa kabla hata msingi haujachimbwa. Mimi naamini kwamba mti huo ndio wenye thamani kuliko yote iliyomo kiwanjani, na kwamba madhali tunaendelea kuutanguliza kwenye msumeno, hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa, watazidi kututoka hapa pwani ya Kenya hata tukipanda miche isiyohesabika.

Wengi wetu twamjua yule hondohondo mdogo mwenye mdomo mwekundu uliopinda, mgongo mweusi na tumbo jeupe, anayepita juu ya bustani za Nyali na Shanzu akipiga mluzi mwembamba. Yuko pia yule mkubwa mweusi kwa mweupe, ambaye sauti yake humshtua mgeni katika misitu ya Shimba Hills kule Kwale kwa jinsi inavyofanana na kilio cha mtoto mchanga. Wote hawa, pamoja na ukubwa wa midomo yao, hawana uwezo wa kuchimba shina zima kama afanyavyo kigogota. Wanategemea pango lililokwisha kuwako: mahali tawi lilipovunjika, maji yakaingia, ukungu ukala moyo wa mti taratibu mpaka ukaacha chumba. Pasipo chumba hicho hawatagi, hata wangekuwa na chakula tele.

Jike akilikubali pango, huingia na kuanza kuuziba mlango akiwa ndani, kwa udongo, kinyesi chake na mabaki ya chakula, akiukandika kwa ubavu wa mdomo mpaka ubaki ufa mwembamba wa wima usiopitisha zaidi ya ncha ya mdomo. Kwa hondohondo wa jamii kubwa kimwili dume humeza udongo, kisha huutapika vidonge vidonge na kumpa mwenzake kazi ya kukandika. Kikikauka, kiambaza hicho huwa kigumu, na nyoka, kenge na tumbili hupata shida kukipenya. Huko ndani jike hutaga na kuatamia, na kwa wale wadogo wenye midomo myekundu hunyonyoka manyoya ya mabawa na ya mkia karibu yote kwa wakati mmoja, hata akawa hawezi kuruka.

Nimepata kukaa chini ya mwembe wa kale huko Likoni nikimtazama dume akilisha. Alikuwa akitua kwenye tawi lile lile kila mara, akigeuza kichwa huku na huku kwa muda, ndipo aruke hadi kwenye shina na kujishikiza kwa kucha, panzi mmoja tu akiwa kwenye ncha ya mdomo wake. Ncha nyingine nyekundu ilitokeza ufani, panzi akapotea, na dume akaondoka bila kukawia. Chini ya ufa gome lilikuwa na michirizi myeupe, kwa sababu jike hugeuka na kurusha kinyesi nje kupitia mwanya huo huo ili chumba kibaki safi. Watoto wakishakua kiasi, mama hubomoa mlango na kutoka ili asaidie kutafuta chakula, na watoto wenyewe, ambao hawajapata kuliona jua, huuziba tena kwa vinyesi vyao. Sijui kiumbe mwingine wa mwambao huu ambaye makinda yake hujijengea ukuta namna hiyo, na kila ninapolifikiria jambo hili huona uchungu kwamba kizazi kinachokua mjini kinamjua hondohondo kwa picha tu.

Kwa wale wa jamii kubwa kimwili mama hatoki mpaka kinda liweze kuruka, na mzigo wote humwangukia dume. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, aliyekuwa akiishi Amani katika milima ya Usambara, si mbali na mpaka wetu na Tanzania, alifuatilia viota vya hondohondo mwenye mashavu ya rangi ya fedha, ndege ambaye yuko pia Shimba Hills. Ilikadiriwa kwamba dume mmoja, katika muda wa siku 120 hivi, alikwenda kiotani mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000, akiyabeba kooni na kuyatapika moja moja mbele ya ufa. Mtu akizipima hesabu hizo atafahamu kwamba dume anayepigwa manati, au anayenaswa na nyaya za umeme, hafi peke yake. Atafahamu pia kwamba mti wenye pango hautoshi ukiwa peke yake, kwani panahitajika mikuyu na miti mingine ya matunda ya mwitu kwa wingi karibu nao, miti ambayo hondohondo naye huieneza kwa kudondosha mbegu mbali na mti mama.

Serikali ilianzisha mwaka 2022 kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hapa Mombasa tumeona kila siku ya mapumziko watu wakipigwa picha na miche mikononi. Siipingi kazi hiyo. Naiheshimu sana vilevile kazi ya Rene Haller, aliyeanza kupanda mivinje mwaka 1971 katika machimbo yaliyoachwa ya Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu, mpaka pakawa msitu. Hata hivyo mche haumpi hondohondo nyumba. Miongo mingi hupita, na mara nyingi umri wa mtu mzima huisha, kabla shina halijanenepa, tawi likavunjika na pango likaingia. Mti wa miaka mia ukikatwa leo, miche elfu iliyopandwa mahali pake haitalipa pengo hilo kwa hondohondo wa sasa, wala kwa watoto wao, na hesabu inayoiweka miche hiyo kama fidia kamili ni hesabu yenye kasoro kubwa.

Lawama haziwaendei wenye viwanja peke yao. Makaa yanayopikia vyakula vyetu mjini hutoka kwa sehemu kubwa katika miti ya Kwale, Kilifi na bara yake, na sisi wanunuzi hatuulizi ni mti gani uliochomwa. Muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke ulikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago, mpaka wachongaji wengi wakashawishiwa kuhamia mwarobaini, jambo ambalo ni jema na lastahili kuungwa mkono na kila anayenunua kinyago. Na mwaka huo huo wa 2022 tuliona mibuyu ya Kilifi iking'olewa na mizizi yake ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia. Mbuyu, kwa wasiofahamu, ni mmojawapo wa miti inayowapa ndege mapango mengi zaidi, nami nilipoona picha za mashina yale yakiwa yamelazwa nililia kwelikweli.

Kielelezo kizuri tunacho karibu. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iitwayo kaya, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, ilihifadhiwa na wazee kwa miiko isiyoruhusu hata kijiti kutolewa. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mti unaokufa huachwa usimame, na ukianguka huachwa uoze palepale. Wazee hawakuhitaji kuambiwa kwamba mti mkongwe si mbovu. Tatizo ni kwamba kaya nyingi ni ndogo, zimezungukwa na mashamba, machimbo na viwanja vinavyouzwa, na ndege mwenye kuhitaji matunda kwa maelfu hawezi kutegemea kipande hicho peke yake.

Najua nitaambiwa kwamba mti wenye pango ni hatari wakati wa masika, na kwamba maisha ya watu hutangulia. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote alale kwa hofu. Lakini mara nyingi hatari imo katika matawi mazito, nayo yaweza kupunguzwa shina likaachwa. Kaunti ya Mombasa, kabla ya kuruhusu mti mkubwa ukatwe, ingepaswa kumtuma afisa autazame: kama kuna ufa uliokandikwa udongo na michirizi myeupe chini yake, kazi isubiri miezi mitatu au minne mpaka wenyewe watoke. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege hawa, ila sheria haiwezi kuliona pango ambalo hakuna aliyetumwa kulitazama.

Mahali ambapo mapango yamekwisha, bado lipo la kufanya. Afrika Kusini imewawekea mumbi, wale hondohondo wakubwa wanaotembea ardhini, viota vilivyotengenezwa na watu, nao wakazaa humo, na huko Namibia hondohondo wa jamii ndogo wametaga kwa miaka katika masanduku ya mbao. Nchini Thailand, Profesa Pilai Poonswad aliwageuza waliokuwa wakiiba makinda wakawa walinzi wa viota, kwa malipo. Hoteli za Shanzu na Nyali, na shule zetu zenye viwanja vipana, zina miti ya kutosha kuanza na sanduku moja moja. Seremala yeyote wa mtaani aweza kulitengeneza kwa mbao nene, mlango wake ukiwa mdogo kiasi cha jike kuweza kuuziba, kisha likafungwa juu ya shina upande usiopigwa na jua la mchana.