Shangazi Hakuvunja Gari

Nianze na la muhimu, maana ile sauti aliyorekodi swahiba wangu, akisimulia kwamba shangazi wa bi harusi alivunja gari langu kwa uzito wake, imeshafika Mombasa, imefika Muscat, na asubuhi hii nimerushiwa na mtu wa Unguja ambaye hata hajui kwamba anayechekwa ni mimi. Shangazi hakuvunja gari. Uzito wa shangazi hauhusiki hata chembe. Ni bomba. Bomba jembamba la chuma, limeliwa na kutu chini ya sakafu, basi. Swahiba analijua hilo vizuri, lakini mnamjua naye, habari isiyotiwa chumvi haimpiti kooni.

Gari lenyewe wengi mnalijua kwa picha ninazowachosha nazo: Austin 1100 ya 1966, kijani, milango minne. (Aliyeandika "linafanana na friji" nilikuona, na sijasahau.)

Basi Jumamosi. Nikahi imeshafungwa, watu wamemwagika nje ya msikiti, baridi ya Birmingham inang'ata masikio, kila mtu anangoja usafiri wa kwenda ukumbini kwenye walima. Mimi nimepewa heshima ya kumbeba shangazi wa bi harusi. Mtu mwenye akili zake angewasha gari, akawasha hita, akanyamaza. Mimi nikafungua boneti.

Wazee wa upande wa bwana harusi wakasogea, nadhani kwa adabu tu. Nikawaonyesha injini ilivyolazwa kwa upana badala ya urefu, na giaboksi ilivyowekwa chini yake, zinaoga oili moja, ndiyo maana kigari kifupi hivi ndani wanakaa watu wazima na magoti yao. Nikawatajia mbunifu wake, Issigonis, mzaliwa wa Izmir, yule yule aliyebuni kile kigari cha Mini. Nikawaambia umbo wamelichora Pininfarina wa Italia, kwamba lilitoka kwanza 1962 kwa jina la Morris, kwamba zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili na sehemu kubwa ya miaka ile ya sitini hakuna gari lililouzwa Uingereza kulishinda, na kwamba kiwanda cha Longbridge kilikuwa papa hapa mjini. Mzee mmoja alipiga miayo. Mimi sikumwona. Kwenye video anaonekana wazi.

Halafu, kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nikaingia kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Gari hili halina shokapu, wala halina springi za koili. Kila gurudumu limepewa chungu chenye mpira na maji ndani, kazi ya bwana mmoja mtaalamu wa mpira, Alex Moulton, na mfumo wenyewe ukaitwa Hydrolastic. Chungu cha mbele kushoto kimeunganishwa kwa bomba na cha nyuma kushoto, na kulia vivyo hivyo. Gurudumu la mbele likipanda tuta, maji yanasukumwa nyuma, nyuma nako kunanyanyuka, gari zima linabaki sawa. Nikapiga boneti kwa kiganja nikasema (na haya ndiyo maneno ambayo swahiba anayaigiza kwa sauti ya puani), "Wazee wangu, hili halitembei. Linaelea."

Akatoka shangazi.

Sasa hapa niende polepole, maana kila mtu ana toleo lake. Shangazi kavaa buibui jipya, udi unamtangulia hatua kadhaa, mikononi sinia ya visheti iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Nikamfungulia mlango wa nyuma kushoto, upande wa njia ya miguu. "Shikamoo Shangazi, karibu." "Marahaba mwanangu. Litanifikisha?" Watu wakacheka kidogo. Nikacheka nao, kwa kujiamini kabisa.

Akaingia, akakaa, akaweka sinia mapajani. Mbele ya gari kukanyanyuka. Kidogo tu, lakini yeye akahisi.

"Mbona linainua pua?"

Hapo ningejibu tu "tunaondoka Shangazi" mambo yangeisha. Lakini hilo ndilo swali ninaloota kuulizwa! Nikainama dirishani nikamweleza kwamba ukikaa nyuma unayasukuma maji yanakimbilia mbele, kwa hiyo mbele kunapanda, ni kawaida, ndivyo lilivyoundwa. Kwa ufupi, mbele ya kadamnasi, nimemwambia shangazi wa watu kwamba amelibonyeza gari. Swahiba alikuwa ameshatoa simu.

Nikafunga mlango. Taratibu, wallahi. Ule mlango niliufunga taratibu.

Pah. Kimya. Halafu fyuuuuu, ndefu, ya aibu, kutoka chini ya kiti cha shangazi hasa. Watu wote wakamtazama shangazi. Shangazi akanitazama mimi. Na gari, upande wa kushoto wote, mbele na nyuma kwa pamoja, likaanza kushuka, bila haraka, kama ngamia anayepiga magoti apakiwe mzigo. Uso wa shangazi ukawa unateremka dirishani, kwanza ushungi ukapotea chini ya paa, kisha macho, nikabaki natazamana na mdomo na kidevu. Visheti vikaanza kuserereka. Kimoja kikagonga kioo.

Nikakimbilia kumfungulia. Mlango ukafunguka nafasi ya kupita kiganja, ukakwama. Gari limelala, ukingo wa njia ya miguu uko juu, chuma kimegota kwenye jiwe. Nikavuta. Akasukuma. Mzee wa miayo, ambaye sasa yuko macho kabisa, akashauri tulinyanyue gari. Shangazi akasema kwa sauti ya chini iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara, "Hakuna atakayeninyanyua mimi." Ikabidi ahame kiti kwa kiti, akipanda mlima, na sinia yake, hadi mlango wa kulia, akatokea barabarani mbele ya basi la abiria lililosimama kumpisha. Dereva wa basi akapiga makofi.

Ungedhani yameisha. Yale maji yalikuwa yamepita chini, yakatambaa kwenye njia ya miguu na kulowesha viatu vya sheikh na pindo la kanzu yake. Akauliza kwa upole, "Hii ni oili?" Nikasema hapana Sheikh, ni maji tu. Maji na… na mdomo huu, badala ya kuishia hapo, ukamalizia: "…na alkoholi. Nusu kwa nusu, karibu."

Jamani, kimya kile.

"Si ya kunywa!" nikapiga kelele, na ndivyo hasa anavyosema mtu mwenye ya kunywa. "Ni ili yasigande kwenye baridi! Wameweka na dawa ya kutu!" (Dawa ya kutu, naam. Chekeni.) Mtoto mmoja akanivuta koti: "Ami, gari limelewa? Ndiyo maana limelala?"

Mengine hayana uzito. Shangazi kapelekwa na Toyota ya mtu. Mimi nimelirudisha gari nyumbani likiwa limeegemea ubavu, taratibu kabisa, jambo ambalo kitabu cha gari kinaliruhusu, na visheti nimeviokota siku iliyofuata chini ya viti. Fundi mmoja mzee akalala chini na tochi, akakwangua bomba kwa kucha, likameguka. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, akasema. Kipande nimekihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, anayetaka ushahidi aje aone tundu lilivyo.

Bomba jipya limeshafungwa. Kilichobaki ni kujaza maji kwa presha, na hilo linataka pampu yake maalumu, si ya tairi, nimeshajibu wanne wenu kuhusu hilo. Aliye karibu na Birmingham na anayo, au anamjua mwenye nayo, aniandikie. Ndugu wa bi harusi anaoa mwezi ujao, na shangazi ameshatuma salamu kwamba yeye atakuja kwa treni.