Rivolva Moja Tu ya Magnum: Kwa Nini Nachagua GP100

Ukiniambia nichague rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) moja tu ya Magnum, yaani ya risasi zenye nguvu kuliko kawaida, nikae nayo miaka yote na nisiruhusiwe kuibadilisha, jibu langu ni Ruger GP100 ya .357 (kipenyo cha kichwa cha risasi kwa inchi), ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4.2, silinda ya risasi sita. Zipo zenye kifyatulio laini zaidi. Zipo zilizong'arishwa hadi unaona uso wako. Lakini swali ni kudumu na kupiga, na kwa hayo mawili sioni ya kuishinda.

Nianze na risasi, maana ndiyo inayoamua silaha iteseke kiasi gani. .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, kazi ya Smith & Wesson pamoja na Winchester, ikichipuka kutoka .38 Special, risasi ya zamani zaidi na dhaifu zaidi. Ganda lilirefushwa kwa milimita 3.4 hivi ili lisiweze kuingia kabisa kwenye bastola za .38, ambazo hazikujengwa kuhimili shinikizo lake. Kikomo cha shinikizo kwa .38 Special ya kawaida ni psi 17,000 (paundi kwa inchi ya mraba), kwa .357 ni psi 35,000. Kichwa cha risasi cha greni 158, yaani gramu 10 na ushei, hutoka kwenye .38 kwa mita 230 hivi kwa sekunde. Kwenye .357 kichwa cha uzito uleule hukaribia mita 376. Kwa nguvu, hiyo ni juli 270 dhidi ya juli 725.

Faida ni kwamba silaha moja inakula risasi zote mbili. Unafanya mazoezi kwa .38, na .357 unaiweka kwa kazi inayoihitaji. Wapenzi wa .44 Magnum, risasi kubwa zaidi, watasema nao wana .44 Special ya mazoezi, na ni kweli. Tatizo la .44 ni kwamba inasukuma juli 1,000 hivi, na wapigaji wengi huanza kushtuka kabla ya mlio. Mkono unakaza, mtutu unainama, risasi inaangukia chini kushoto ya shabaha kwa anayetumia mkono wa kulia. Ukishaizoea tabia hiyo, kuing'oa ni kazi ya miezi. Kama wewe si mtu wa kuwinda wanyama wakubwa, .357 inakutosha na inakuacha upige risasi hamsini bila mkono kulia.

Sasa kudumu. Wengi wanadhani silaha inayodumu ni ile nzito tu. Uzito unasaidia, ila kinachoamua zaidi ni chuma kimewekwa wapi. Mfano mzuri ni Combat Magnum ya Smith & Wesson, iliyotoka 1955 na baadaye ikaitwa Model 19. Ni silaha tamu sana mkononi. Lakini fremu yake, ile wanayoiita K, ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya .38. Ili silinda ipate nafasi ya kufunga, mdomo wa nyuma wa mtutu ulichongwa bapa upande wa chini. Hapo ukuta ukawa mwembamba kuliko sehemu nyingine zote za mdomo huo. Kwa vichwa vya greni 158 shida ilikuwa ndogo. Zilipokuja risasi za greni 125 zenye kasi kubwa, moto na chembe za baruti zikawa zinapiga mahali hapohapo, na baadhi ya mitutu ikaanza kupata ufa mwembamba kama unywele upande huo wa chini. Ufa wa namna hiyo hauzibwi, mtutu unabadilishwa. Kwa hiyo ukiwa na Model 19, ilishe .38 na .357 za vichwa vizito, itadumu kukuzidi.

Smith & Wesson wenyewe walijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fremu kubwa kidogo, L, iliyozaa rivolva za 586 na 686. Mdomo wa mtutu ukawa mnene pande zote. 686 ndiyo mshindani wa kweli wa GP100, na atakayeichagua sina ugomvi naye: kifyatulio chake kikitoka kiwandani huwa laini zaidi. Colt Python, ya mwaka 1955, ni nzuri kupita maelezo, ila zile za zamani kidole cha ndani kinachozungusha silinda hubaki kimeikaza wakati wa mlio, kwa hiyo kinachakaa, na majira ya silinda, yaani chemba kusimama sawa na mtutu kwa wakati wake, yanapotea. Anayeweza kuirekebisha sawasawa ni fundi aliyebobea. Colt wameirudisha sokoni mwaka 2020 ikiwa na mtambo tofauti ndani.

GP100 ilikuja katikati ya miaka ya 1980 kurithi nafasi ya Security-Six, rivolva ya awali ya Ruger, ambayo nayo ilikuwa ngumu. Ichukue mkononi, hakikisha chemba zote, yale matundu ya risasi kwenye silinda, ni tupu, kisha tazama ubavu wake. Hakuna kifuniko cha pembeni kilichofungwa kwa skrubu. Kuta zote mbili za fremu ni nzima, na mtambo unaingia kutoka chini pamoja na kikingo cha kifyatulio. Fungua silinda utazame mkono unaoibeba: sehemu ya mbele ya mkono huo ina kitasa chake kinachoshika kwenye fremu yenyewe. Kwenye Smith & Wesson nyingi, kinachoshikwa mbele ni ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Fimbo hiyo ikilegea nyuzi au ikipinda kidogo, silinda inagoma kufunguka au inazunguka kwa kukwama. Kwenye GP100 fimbo haina jukumu hilo. Sasa angalia vile vishimo vya kufungia silinda kwa nje. Havikuchimbwa juu ya katikati ya chemba, ambako ukuta ni mwembamba zaidi. Vimesogezwa pembeni, kwenye chuma kingi. Ni kitu kidogo, lakini kila mlio unapita hapo.

Kuifungua ndiko kunakonifanya niipende kuliko 686. Huhitaji zaidi ya bisibisi moja na kijipini chembamba. Hata waya wa klipu ya karatasi unatosha. Toa mpini. Vuta nyundo nyuma, ingiza kijipini kwenye tundu lililo mwishoni mwa ufito wa springi, bonyeza kifyatulio na uirudishe nyundo mbele polepole kwa kidole gumba. Springi inabaki imeshikwa na pini, unaitoa nzima. Chomoa mhimili wa nyundo, toa nyundo. Bonyeza kitasa kilicho ndani ya fremu, nyuma ya kikingo cha kifyatulio, vuta chini, mtambo wote unatoka kama kipande kimoja. Baada ya hapo silinda na mkono wake vinatoka kwa mbele. Kosa la kawaida ni wakati wa kurudisha: ile baa inayohamisha pigo la nyundo lazima ikae kati ya nyundo na pini ya kupigia. Ikikaa vibaya, nyundo inaanguka na risasi haitoki. Jaribu kwanza bila risasi kabla hujarudisha mpini. Baa hiyohiyo ndiyo inayokuruhusu kubeba chemba zote sita zikiwa na risasi, kwa sababu bila kifyatulio kuvutwa hadi mwisho, pigo la nyundo haliifikii pini.

Uzito wake ni kilo 1.13 hivi kwa mtutu huo wa inchi 4.2. Kwa kubeba mchana kutwa ni mzigo. Kwa kupiga ni baraka, maana uzito ndio unaomeza teke, yaani silaha kurudi nyuma kwa nguvu. Zile rivolva za .357 zilizopunguzwa hadi chini ya gramu 400 zinauzwa sana, lakini siwezi kumshauri mtu anunue moja kama silaha yake pekee. Zinapiga teke kiasi kwamba vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda vinaweza kuvutwa mbele kutoka kwenye maganda yake, kichwa kimoja kikachomoza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Mtutu mfupi nao unapoteza kasi na kutoa mwali mkubwa. Inchi sita ni tamu kwa shabaha ya mbali, ila mbele inakuwa nzito. Inchi nne na kitu ndiyo kati. Kuna GP100 ya risasi saba pia. Mimi nabaki na sita, kwa kuwa silinda ya unene uleule ikitobolewa mashimo saba kuta zinapungua.

Kama unanunua iliyotumika, kagua hivi, silaha ikiwa tupu. Chukua fila, vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi wa magari wanapimia nafasi ya plagi. Funga silinda, isukume nyuma kwa kidole, pima nafasi kati ya uso wa silinda na mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni sawa. Ikipita 0.25, moto mwingi unavuja pembeni na kasi inapungua. Kisha isukume silinda mbele, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ni mchezo wa silinda wa mbele na nyuma. Ukizidi milimita 0.08, hiyo imepigwa sana au imepigwa vibaya. Baada ya hapo vuta nyundo polepole sana huku kidole kikiigusa silinda kuipunguza mwendo. Silinda inapaswa kufunga kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa chemba zote sita, kwa sababu mara nyingi inayochelewa ni moja tu. Nyundo ikiwa imesimama nyuma, isukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio: ikianguka, iache hapohapo. Mwisho, mulika mdomo wa nyuma wa mtutu utafute ufa. Mkwaruzo wa moto kwenye daraja la fremu juu ya silinda usikutishe. Huwa unachimba kidogo kisha unaacha.

Silinda inayolegea kwenye mkono wake mara nyingi ni dalili ya mwenye nayo kuifunga kwa kuitupa ndani kwa mkono mmoja, kwa kutikisa kiganja. Kila pigo la namna hiyo linaupinda mkono huo unaobeba silinda. Funga kwa mikono miwili. Na vidole visikaribie kabisa ile nafasi kati ya silinda na mtutu wakati wa kupiga, kwani gesi inayotoka hapo inakata nyama.

Kuhusu kifyatulio: ndiyo, cha GP100 kikiwa kipya hukwaruza kikivutwa. Wengi wanakimbilia springi laini. Kuwa mwangalifu, kwa sababu springi ya nyundo ikiwa dhaifu mno, fataki ngumu (kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) hazilipuki. Ruger wanaruhusu kuifyatua bila risasi, hivyo mara elfu mbili za mazoezi makavu, chemba zote zikiwa tupu na chumbani hakuna risasi yoyote, zitalainisha chuma na kidole chako kwa pamoja. Ukibadilisha springi baada ya hapo, jaribu risasi zisizopungua mia za aina unayotumia kabla hujaiamini.

Hitilafu inayosimamisha rivolva mara nyingi ni uchafu chini ya nyota ya kutolea maganda, kile kipande cha nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje. Chembe moja ya baruti isiyoungua ikikaa hapo, nyota haikai chini, silinda inabanwa na kifyatulio kinakuwa kizito ghafla. Dawa ni namna ya kutoa maganda: mtutu uelekee juu, piga fimbo mara moja kwa nguvu, chembe zianguke pamoja na maganda. Ukitoa mtutu ukiwa umelala, zinamwagikia chini ya nyota. Beba mswaki mkavu. Mafuta usiweke hapo, yanazishika chembe. Na mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama palepale. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itautunisha mtutu.

Halafu kuna ule utepe wa masizi. Ganda la .38 ni fupi, kwa hiyo linaacha pete ngumu milimita 3.4 kabla ya mwisho wa ganda la .357. Baada ya .38 mia kadhaa, .357 zinaingia kwa kusukumwa, na zikishapigwa zinanasa. Chukua brashi ya shaba nyeupe ya kipimo cha .40, iloweke dawa ya kusafishia, izungushe ndani ya kila chemba mara kumi, futa, kausha. Utajua umefika pale utakapopiga .357 sita, uelekeze mtutu juu, na maganda yote yakatoka kwa pigo moja la kiganja.