Ukisoma BBA unakuwa nani?

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, simu za wajomba haziishi kulia. Yangu ililia kwa ajili ya mpwa wangu aliyemaliza ECA, yaani mchepuo wa Uchumi, Biashara na Uhasibu, akiwa na alama nzuri za Uchumi na Uhasibu. Chuo anachokitaka kimempa nafasi ya Shahada ya Utawala wa Biashara, ambayo mitaani kwetu haina jina lingine zaidi ya BBA. "Anko," akaniuliza, "anayesoma uuguzi anakuwa nesi. Anayesoma ualimu anakuwa mwalimu. Mimi nikimaliza nitakuwa nani?"

Nilimwambia nitampigia jioni. Zikapita siku tatu.

Wanaoibeza shahada hii wana hoja, na hoja yao haitoki kijiweni. Mapema 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita 135,000, yaani zaidi ya watu 84 kwa kila kiti. Hao wote hawakuwa watu wa BBA, lakini hapo ndipo penye tatizo: tangazo likitoka, mwenye BBA anajikuta foleni moja na mhasibu, mchumi na mwanasheria. Nafasi ya Afisa Tawala serikalini ni hivyo hivyo, inagombewa na waliosoma sheria, uchumi na elimu ya jamii. Matangazo mengi yanamruhusu kuomba, ila kazi iliyoandikwa kwa ajili yake peke yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Linganisha na wenzake wa madarasa ya jirani. Mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Akifaulu mitihani ya bodi anaandika CPA, alama ya mhasibu aliyethibitishwa, mbele ya jina lake, na kuna hesabu ambazo kwa sheria hazisainiwi na mwingine. Mtu wa ununuzi na ugavi naye ana PSPTB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2007, na asiyesajiliwa huko haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Taaluma hizo zimezungushiwa ua. Utawala wa biashara ni uwanja wa wazi, kila mwenye miguu anapita. Ndiyo maana utamkuta mhandisi aliyeongeza shahada ya pili ya biashara ameketi kwenye kiti cha meneja ambacho kijana wa BBA aliamini anaandaliwa yeye.

Upande wa pili ninaujua zaidi kwa kuuona. Tazama tawi lolote la benki, kampuni ya simu, bima, au duka la jumla lililokua likawa kampuni: maafisa mauzo, wasimamizi wa mawakala, watu wa huduma kwa wateja, wengi wao walipita kwenye madarasa ya biashara. Na mwajiri wa vijana hawa asiyesemwa sana ni taasisi za mikopo midogo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni, na kampuni nyingi zilizokuwa zikiendeshwa kwa daftari la kaunta zikalazimika kuwa na mafaili na mtu wa kuyajaza. Mtu huyo mara nyingi ni afisa mikopo mwenye shahada na pikipiki.

Kazi hiyo ina sura mbili, na ninawafahamu waliopita zote. Ndani ya mwaka mmoja kijana anajifunza kumsoma mteja kuliko alivyofundishwa kwa miaka mitatu. Anamtembelea mama ntilie saa kumi na moja alfajiri, anahesabu sufuria na kilo za mchele, anakadiria mauzo ya siku bila kuonyeshwa risiti hata moja. Hiyo ni shule. Ila mwisho wa mwezi analipwa kwa kuangaliwa marejesho, na kama kampuni yake ni ya zile za kausha damu, zenye riba ya kuumiza, atajikuta amesimama mlangoni kwa mjane akiulizia friji iliyowekwa dhamana. Wengine huacha kwa sababu hiyo tu, mshahara ukiwa bado haujawachosha.

Kuna na Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam. Mgomo wa wafanyabiashara wa Mei 2023 ulieleweka kama ugomvi wa kodi, na ulikuwa hivyo. Mimi niliona na kitu kingine ndani yake: maduka yenye mzunguko mkubwa ambayo kumbukumbu zake zimo kichwani mwa mwenye duka. Mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, mtu anatakiwa kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na kupeleka ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita. Kijana anayeweza kupanga risiti, kulinganisha stoo na mauzo na kumwambia tajiri kwa upole kwamba mzigo fulani unamla, ana kazi pale. Tangazo la kazi hiyo halitabandikwa popote. Inapatikana kwa kujulikana, na mwanzoni inalipa nauli na chakula.

Hapo ndipo wazee hurukia neno "jiajiri". Nisemalo ni kwamba mahubiri hayo hutolewa siku ya mahafali na mtu mwenye mshahara. Mikopo ya halmashauri, inayotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani na ambayo vijana hupata asilimia 4 kati ya hizo, ilisitishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, na masharti yake ya vikundi hayamfai kila mtu. Biashara haifunguliwi kwa cheti. Na mwenye deni la HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hajaugusa.

Mlango mmoja umefunguka bila kelele. Mtaala mpya wa sekondari umelifanya somo la Biashara kuwa la lazima, na walimu wake hawatoshi. Mwenye BBA akiongeza Stashahada ya Uzamili ya Elimu anaweza kuingia darasani. Wengi wanaona ni kushuka hadhi, mimi sioni.

Nilipompigia mpwa wangu, sikumwambia aache. Nilimwambia lawama yangu kubwa ni fildi, mafunzo kwa vitendo, zile wiki nane ambazo wanafunzi wengi humaliza wakitoa kopi na kununua chai za ofisi, kisha wanarudi na ripoti yenye jalada zuri. Yeye aende kwenye duka ambalo vitabu vyake vimechafuka, akavisafishe. Ndani ya BBA achukue mkondo wa uhasibu au ugavi, sio ule wa jumla, na aanze mapema kuulizia bodi, kwa kuwa hatua ambayo mtu anaanzia mitihani hutegemea masomo aliyosoma chuoni. Na kama chuo hicho hicho kingempa Uhasibu wenyewe, ningemwambia abadilishe leo leo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, heshima ya kwao. Halafu akauliza: "Sawa anko. Na ada za mitihani ya bodi, bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, halizifikii. Nani atalipa?"

Nikamwambia nitampigia jioni.