Anayeuguza kijijini alipwe? Hesabu isiyoonekana kwenye kundi la familia

Familia nyingi za Dar es Salaam zenye mgonjwa mahututi kijijini zina kundi la WhatsApp, na kundi lina bajeti: dawa, nauli ya kliniki, pampasi, na ya kutolea. Mtu akipendekeza fungu la yule anayelala na mgonjwa, kundi huchafuka. Tangu lini mtu akalipwa kumuuguza mama yake, au mama mkwe?

Wanaopinga hawana roho mbaya. Leo jirani huleta ndoo ya maji bila kuombwa na shangazi huja kufua. Wakisikia kuna posho, watasema mwenye mshahara afanye. Fedha huzaa tuhuma pia. Mgonjwa akikonda, na saratani hukondesha hata anayekula, wa kwanza kunyooshewa kidole ni anayepokea hela. Wengine husema kazi hiyo ni ya serikali, ambayo mwaka 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Jambo jema. Lakini mhudumu huyo hupita, huelekeza, kisha huenda kaya nyingine. Halali pale.

Na usiku ndio wenye kazi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, kwa sababu uzito wake hubana ngozi ya matakoni, nyonga na visigino mpaka damu isipite. Ni mara kumi na mbili kwa siku. Ukibonyeza sehemu iliyobadilika rangi na isififie, au kwenye ngozi nyeusi ukakuta pamekoza, pana joto au pamekuwa pagumu, kidonda kimeshaanza. Kupasugua kwa mafuta ni kuzidisha. Haya hufundishika kwa asubuhi moja. Kinachokosekana ni mikono. Watu wawili hukunja pindo za shuka iliyo chini ya mgonjwa, kutoka mabegani hadi mapajani, wakamnyanyua. Mtu mmoja aliyechoka, saa tisa usiku, humburuta, na kule kuburuta ndiko kunakochubua ngozi. Kisha mjini tunauliza kwa nini mama ana vidonda wakati pampasi tulituma.

Zipo saa zinazoweza kuokolewa bure. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila saa nne, lakini mara nyingi mtoa huduma anaweza kuelekeza dozi ya kulalia iwe maradufu, ili ile ya usiku wa manane irukwe na wote wawili walale. Huulizwa kabla ya kutoka hospitali. Dawa ya kulainisha choo ianze pamoja na mofini, kwa sababu mofini hufunga choo, na choo kilichofunga huleta maumivu mapya ambayo familia hudhani ni ugonjwa umepanda. Kuificha chupa eti mgonjwa asizoee, mpaka azidiwe, ni kumwongezea anayeuguza usiku wa kukesha bila sababu.

Hasara kubwa zaidi haimo kwenye bajeti hata kidogo. Mahindi yanataka palizi ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya kuota. Magugu yakiachwa yakatangulia, palizi ya baadaye hairudishi kilichopotea. Anayeuguza wakati huo haendi shamba. Mgonjwa huenda akafariki kabla ya mavuno, michango ya msiba ikachangwa vizuri kabisa, halafu kundi likanyamaza. Njaa ya nyumba ile huja miezi kadhaa baadaye, na hapo hakuna anayeihesabu kuwa ni gharama ya ugonjwa. Ukiitazama hivyo, anayeuguza tayari analipa, na huenda analipa kuliko yeyote anayetuma.

Hofu ya tuhuma ina dawa yake. Hela ya dawa isipite mkononi mwa anayeuguza: ilipwe dukani moja kwa moja kwa lipa namba. Kibarua wa palizi alipwe kwa ngwe, msimu ukifika, si baada. Atafutwe mtu wa kushika zamu ya usiku mara mbili kwa wiki, mwenye nguvu za kunyanyua. Jirani na shangazi hawana cha kususia hapo, maana hakuna aliyepewa mshahara. Zimenunuliwa saa tu. Kisha kiasi kidogo, chake mwenyewe, kisichodaiwa risiti. Hiki ndicho kitakachobishaniwa sana, nami ningekiacha palepale.

Ikilazimu kupunguza, zipunguzwe safari za kwenda "kumwona mgonjwa". Watu watano wakishuka kwenye basi Ijumaa, yeye ndiye atakayewapikia, kuwachotea maji na kuwatafutia pa kulala, huku saa mbili za kugeuza zikipita. Nauli hizohizo zingempeleka mmoja akae wiki mbili, alale chumba cha mgonjwa, ashike pindo la pili la shuka.