Glezi si Nta, na Muuza Gari Analijua Hilo

Gari jeusi nililolinunua likiwa limetumika lilikuwa linang'aa kiasi kwamba, siku naliangalia kwa mara ya kwanza, niliweza kuona kwenye boneti matawi ya mti uliokuwa nyuma yangu. Aliyeniuzia alisema limepigwa nta nzuri. Nikaliosha mara tatu. Asubuhi iliyofuata uoshaji wa tatu, jua lilipopiga juu ya boneti, niliona mikwaruzo myembamba isiyo na idadi imeizunguka taswira ya jua kama utando wa buibui, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza ni nta ya namna gani inayoondoka na povu la sabuni. Haikuwa nta. Ilikuwa glezi, na ninaamini kwamba kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja kumewanufaisha wauzaji kuliko wenye magari.

Mkwaruzo mwembamba huonekana si kwa sababu ya kina chake, bali kwa sababu kingo zake hutawanya mwanga ambao rangi iliyo laini ingeurudisha kwa pamoja. Glezi ni krimu yenye mafuta na chembe laini za kujazia, na mara nyingi chembe hizo ni za udongo mweupe uitwao kaolini. Ukiipaka, huingia katika mifereji ile, huisawazisha na uso wa rangi, na mafuta yake huipa rangi ule mwonekano wa kitu kilichoroweshwa ambao kwenye gari jeusi hupendeza sana, ingawa kwenye gari jeupe hutauona kwa urahisi. Hakuna kilichotengenezwa. Mkwaruzo upo palepale, umefukiwa tu: funika kombe mwanaharamu apite. Mvua na sabuni huufukua ndani ya siku au wiki chache.

Nta haikuumbiwa kuficha. Hukaa juu ya rangi ili kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na vumbi vikutane nayo kwanza. Iliyo maarufu zaidi ni karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ikiwa peke yake ni ngumu na huyeyuka ikifikia nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ndiyo maana watengenezaji huichanganya na mafuta na viyeyusho ili iweze kupakika kwa sponji. Nayo huisha baada ya wiki kadhaa au miezi michache, lakini huisha ikiwa kazini.

Sikutaka kuamini maneno ya makopo, kwa hiyo niligawanya boneti kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikapaka glezi upande mmoja na nta upande wa pili. Kwa macho, glezi ilishinda bila ubishi. Nilipomwaga maji siku hiyo yalijikusanya matone pande zote mbili, jambo lililonikanganya mpaka nilipokumbuka kwamba mafuta nayo huyakimbiza maji. Baada ya kuosha mara mbili, upande wa nta bado ulikuwa na matone ya mviringo kama punje za njegere, na upande wa glezi maji yalitandaa bapa kama yaliyomwagika sakafuni.

Anayetaka vyote viwili hutanguliza glezi na kufuatisha nta juu yake. Akigeuza utaratibu huo, mafuta ya glezi hayaifikii mifereji kwa kuwa nta imeshaiziba, na viyeyusho vyake vinaweza kuiondoa nta yenyewe. Wanaotumia kinga za kikemikali (silanti) badala ya nta wanapaswa kuiacha glezi kabisa, kwa sababu kinga nyingi za aina hiyo hutaka kushikana na rangi iliyo tupu, isiyo na mafuta.

Kuna watakaosema glezi ni udanganyifu na dawa ya mikwaruzo ni polishi. Hapo natofautiana nao. Polishi ya kweli hukwangua klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani jembamba kuliko unywele wa watu wengi. Kila ukikwangua, unapunguza kisichorudi. Gari kuukuu ambalo limeshapigwa mashine ya polishi mara nyingi linahitaji fundi mwenye busara ya kupaka glezi na kuacha mashine yake chini. Udanganyifu uko mdomoni mwa anayesema mikwaruzo imeondolewa.

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kitambaa laini chenye spiriti iliyochanganywa na maji: omba ruhusa, futa kipande kidogo cha boneti, kisha ukitazame ukiwa umemulika taa. Mafuta yataondoka na rangi itajieleza yenyewe.

Gari lile bado ninalo. Fundi aliyelipima alikuta klia imebaki nyembamba mno, kwa hiyo mashine haitaligusa tena. Kukiwa na harusi nalipaka glezi na nta juu yake. Siku nyingine zote napaka nta peke yake, na mikwaruzo naiacha ionekane.